Wifi yangu hamfungi mtoto vizuri kwenye gari, nimwambieje?

*Shangazi, wifi yangu ana mtoto wa miezi 11. Kiti cha gari alichomnunulia ni kizuri, na amekiweka nyuma, lakini ameshakigeuza kitazame mbele. Mikanda imelegea hadi mtoto anachomoa mikono, na kukiwa na baridi humfunga akiwa na jaketi lake nene. Jumamosi humchukua na mwanangu wa miaka 5, humfunga mkanda wa kawaida wa gari tu. Alipotuma picha ya mtoto kwenye kundi la familia niliandika pale pale kwamba mikanda imelegea. Amenuna wiki nzima. Mama mkwe ananiambia funika kombe mwanaharamu apite. Nifunike kweli? – Wifi Mwoga*

Usifunike. Ulichosema ni kweli. Ulipokosea ni mahali. Mbele ya mama yake na ndugu zake, "mikanda imelegea" inasomeka "hujui kulea". Muombe radhi kwa hilo tu: "Wifi, lile nilipaswa kukwambia wewe, si ukoo mzima." Halafu nyamaza. Radhi inayofuatwa na somo si radhi tena.

La mwanao ni jepesi, kwa sababu hapo huombi ruhusa ya mtu. Mkanda wa gari umeundwa kwa mwili wa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka 5, kipande cha chini hupanda tumboni badala ya kulala kwenye nyonga, na cha juu humkwaruza shingo, kwa hiyo huupitisha nyuma ya mgongo ili usimkere. Gari likigonga, tumbo laini ndilo linalopokea kishindo. Mpeleke mtoto pamoja na kiti chake, ukiweke mwenyewe, umwoneshe wifi mkanda unapopita: chini kwenye mapaja, juu katikati ya bega. Sema, "Huyu haendi bila kiti chake, nimekuletea." Hiyo ni kanuni ya mwanao, haimgusi yeye. Atakihitaji hadi afikie urefu wa kati ya sentimita 135 na 150, kutegemea sheria za nchi. Siku kiti hakipo, na safari haipo.

Sasa huyo mdogo. Kuna mikanda, jaketi na kugeuzwa mbele. Usiyamwage yote siku moja. Mimi ningeanza na mikanda na jaketi, si kwa kuwa kugeuzwa ni jambo dogo, bali kwa kuwa mikanda iliyolegea ni bahati mbaya tu ya mikono na hurekebishwa kwa nusu dakika, ilhali kugeuza kiti ni uamuzi alioufanya, na mtu hutetea uamuzi wake.

Chagua siku gari limeegeshwa, hakuna anayechelewa, mko wawili. Mwambie, "Wifi, hebu tujaribu kitu na hili jaketi." Mwache yeye mwenyewe amfunge mtoto akiwa na jaketi, akaze mpaka aridhike. Kisha afungue kifungo cha mikanda bila kugusa kamba ya kukazia, amvue jaketi, amrudishe kitini na kufunga tena. Mikanda itaning'inia, na pengo mtakaloliona ndilo litakalokuwepo gari likigonga, maana pamba ya jaketi hubonyea papo hapo na kuacha nafasi. Huna haja ya kuongeza neno. Jaketi hilo avalishwe kinyumenyume juu ya mikanda baada ya kufungwa, au afunikwe blanketi.

Hapo hapo mwoneshe namna ya kukaza. Wengi huvuta kamba ya kukazia iliyo mbele tu, na ulegevu hubaki umejificha mapajani. Kwanza uvute mkanda kutoka kiunoni kwenda mabegani, ndipo kamba ya mbele ivutwe. Kisha jaribu kuufinya mkanda pale kwenye mtulinga kwa kidole gumba na cha shahada. Ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea. Vidole vikiteleza, tayari. Kama kiti kina klipu ya kifuani (si vyote vinayo), ikae usawa wa makwapa. Akisema mtoto anabanwa, mwambie afinye mwenyewe. Vidole vyake ataviamini kuliko maneno yako.

Kugeuza kiti kusubiri siku nyingine, ila usiipeleke mbali. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake, na mifupa ya shingo bado imeunganishwa kwa gegedu. Akitazama mbele, mikanda hushika kifua na kichwa hurushwa peke yake. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa hupokewa kwa pamoja na ganda la kiti. Atakwambia miguu inabanwa: mtoto huikunja kama aliyekaa mkekani, wala haimsumbui. Atakwambia ni hapa karibu tu: kugonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kudondoka kutoka kimo cha takriban mita 10. Viti vilivyoidhinishwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa R129 haviruhusu kabisa mtoto wa chini ya miezi 15 kutazama mbele, na madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2018 wanashauri abaki akitazama nyuma mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu cha kiti chenyewe. Kikomo hicho kimeandikwa kwenye lebo. Fungueni kitabu cha maelekezo pamoja, kidole chake kikiwa kwenye mstari. Kubishana na kitabu ni kugumu kuliko kubishana na wifi.

Akikubali kukigeuza, msiishie hapo. Kikitazama nyuma, mikanda ya mtoto hutoka kwenye matundu yaliyo usawa wa mabega au chini kidogo. Kikitazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Mkanda wa gari nao huwa na njia tofauti kwa kila upande, na wengi huisahau. Kikishafungwa, shika kiti pale mkanda unapopita ukitikise: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Na kiti kinachotazama nyuma kisikae kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Ukikuta amekihamishia siti ya mbele ya gari, hilo halisubiri siku nzuri. Sema saa ile ile, hata mbele za watu.

Akikataa katakata, mwachie mumeo. Ni kaka yake, anajua mlango wa kuingilia. Mpe jambo moja tu la kusema, la kugeuza kiti, asimpelekee orodha yako. Na siku utakayoona picha mpya kwenye kundi, mikanda imekaa sawa, sifia gauni la mtoto.