Nyayo za Laetoli na mifupa ya Tendaguru: zote ni visukuku?

Swali: Mfupa hugeukaje jiwe? Na kwa nini nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zisizo na mfupa wala nyama, nazo huitwa visukuku, yaani mabaki au alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa ardhini?

Jibu: Kwa kawaida mfupa wa mnyama aliyekufa huguguniwa na fisi au huharibiwa na jua na mvua hadi ukaisha. Ili usalie, sharti ufunikwe mapema na matope, mchanga au majivu ya volkano. Ndivyo ilivyokuwa Tendaguru, mkoani Lindi, miaka milioni 150 hivi iliyopita, mizoga ya dinosaria ilipozikwa katika mashapo (matope na mchanga uliotuama) ya pwani. Nyama ilioza, lakini mfupa una vitundu vingi vidogo, na maji ya ardhini yaliyobeba madini yaliyoyeyuka yalipenya humo, madini yakaganda na kuvijaza. Wapagazi waliobeba mifupa hiyo hadi bandari ya Lindi, Wajerumani walipoichimba kati ya 1909 na 1913, waliujua uzito wake kuliko mtaalamu yeyote. Hata hivyo, kusema kwamba mfupa umegeuka jiwe ni kurahisisha mno, kwani mara nyingi sehemu ya madini yake ya asili bado imo.

Si kila kisukuku hupita njia hiyo. Gamba la konokono likiyeyushwa na maji huacha uwazi mwambani kama kalibu, na uwazi huo ukijazwa madini hutoa nakala ya gamba. Jani lililobanwa huweza kuacha utando mwembamba wa kaboni tu.

Nyayo ziko katika kundi jingine, la visukuku vya alama, pamoja na mashimo ya wadudu na hata vinyesi vilivyoganda. Kinachohifadhiwa hapo ni tendo la kiumbe, wala si mwili wake. Laetoli, miaka milioni 3.66 iliyopita, majivu ya volkano yalilowa mvua, yakakanyagwa, yakakauka na kushikamana kama saruji, kisha yakafunikwa na majivu mengine. Nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu zilizogunduliwa mwaka 1978 na kikosi cha mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey zinaonyesha mwendo wa miguu miwili, lakini hazitaji aliyezikanyaga. Wataalamu wengi huzihusisha na Australopithecus afarensis, spishi ya kale ya jamii ya binadamu iliyokwisha kutoweka, kwa sababu taya na meno yake yamepatikana huko huko Laetoli, katika tabaka za umri unaokaribiana.