Maswali Yenu ya Ujenzi: Gereji Chini ya Nyumba

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Kiwanja changu ni chembamba, nikipaki magari mawili mbele watoto hawana pa kuchezea, kwa hiyo nimeamua gereji ikae chini ya nyumba afu sisi tuishi juu yake. Fundi anasema tuchimbe mita 2 na nusu tuweke slabu, mengine yatajulikana mbele ya safari. Kutoka usawa wa barabara mpaka ukuta wa mbele wa nyumba nina mita 12. Zinatosha? Na nataka mbele pote pawe wazi, geti moja pana, nguzo katikati sitaki. – Msomaji wa kiwanja chembamba

JIBU: Ndugu yangu, kabla jembe halijagusa ardhi naomba usimamishe kidogo, maana hayo "mengine" anayosema fundi ndo kazi yenyewe. Gereji ya chini huwezi kuichora baada ya nyumba, inabidi ianze yenyewe afu nyumba ikae juu yake, na kitu cha kwanza kabisa kupima ni mteremko wa gari kuingia.

Hesabu iko hivi. Mteremko wa kustarehesha ni asilimia 15, yaani ukienda mbele mita 1 unashuka sentimita 15. Ukibanwa sana unaweza kufika asilimia 20 ila hapo kila siku utauhisi, hasa mteremko ukiwa umelowa. Na hauwezi kutoka barabarani tambarare ukaingia kwenye mteremko mkali ghafla, gari itakwaruza tumbo pale juu na bampa pale chini, kwa hiyo juu na chini unaweka kipande cha kama mita 3 chenye nusu ya ule mteremko. Sasa kushuka mita 2 na nusu kwa asilimia 15 pamoja na hivyo vipande viwili unahitaji karibu mita 20. Kwa asilimia 20 ni mita 15 na nusu. Wewe una 12. Haiingii, na ukilazimisha utapata shimo ambalo gari haishuki.

Ila usikate tamaa, kuna njia na mimi ndo ningeichagua hata kama ungekuwa na nafasi: usishuke kote, panda na nyumba. Gereji inataka mita 2.2 safi chini ya bimu (chini ya bimu, sio chini ya slabu, watu wengi wanakosea hapo na mabomba bado hayajapita), ongeza bimu na slabu kama nusu mita, jumla mita 2.7. Ukiinua sakafu ya sebule mita 1 na nusu juu ya barabara, gereji inashuka mita 1.2 tu, na mteremko wa asilimia 15 unamalizika ndani ya mita 11. Unapata ngazi chache za kupanda mlangoni, lakini pia unapata madirisha madogo ya hewa juu ya ardhi na unapunguza kuchimba zaidi ya nusu. Na kama kiwanja chako kina mwinuko upande wa nyuma au pembeni, ingilia upande ulio chini, unaweza usihitaji mteremko kabisa.

Sasa maji, hapa ndo nakuomba usibane hela hata kidogo, kwa sababu umetengeneza sehemu ya chini kuliko zote na mvua itaifuata. Juu kabisa, pale unapoanza kushuka, weka tuta dogo ili maji ya barabarani yasigeuke kuja kwako. Chini, mbele ya geti, weka mfereji wenye wavu wa chuma upana wote wa mteremko, sio kipande. Kama maji yanaweza kutoka yenyewe kwa kuteremka kwenda sehemu ya chini zaidi ya kiwanja ni bora mara kumi kuliko pampu, maana mvua kubwa na umeme kukatika mara nyingi vinakuja pamoja. Ikibidi pampu basi weka mbili na ya pili iwe na betri.

Kuta nazo sio za tofali za kawaida. Ule ni ukuta wa kuzuia udongo, unasukumwa mchana na usiku, na maji yakisimama nyuma yake kila mita 1 ya kina inaongeza kama tani 1 kwa kila mita ya mraba. Ni zege na nondo zilizohesabiwa na injinia, nyuma yake kokoto, chini ya kokoto bomba lenye matundu la kutoa maji, na kizuia maji kipakwe upande wa nje, upande wa udongo, ili maji yanaposukuma yakibane kwenye ukuta. Ukipaka ndani maji yanakibandua. Piga picha kila hatua kabla udongo haujarudishwa kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayeona tena.

Kuhusu mbele kuwa wazi, hapana, au angalau sio hivyo unavyotaka. Kule California, Marekani, kwenye tetemeko la ardhi la Loma Prieta mwaka 1989 baadhi ya nyumba za eneo la Marina pale San Francisco ziliporomoka, nyingi zikiwa na gereji chini na mbele hakuna ukuta wa kushika, na mwaka 1994 kwenye tetemeko la Northridge jengo la Northridge Meadows lililokuwa na maegesho chini liliangukia ghorofa yake ya chini wakafa watu 16. Zile zilikuwa za mbao na yako ni zege, lakini kanuni ni ileile, ghorofa laini (yaani isiyo na kuta za kutosha za kuishika isiyumbe) chini ya ghorofa nzito ni hatari. Weka mageti mawili ya mita 2.5 kila moja na nguzo imara katikati, na ndani ubaki na mita 6 kwa 6 za magari mawili ili milango ifunguke vizuri. Bimu ya kuvuka mbele pote ingekuwa nene ikakula ule urefu wa juu uliokwisha kuupigania.

Na la mwisho ambalo hukuliuliza, ila familia italala juu ya magari kwa hiyo lazima niseme. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi na inaua watu wakiwa usingizini. Mvuke wa petroli wenyewe ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Kwa hiyo matundu ya hewa yawe ya juu na ya chini, kwenye kuta zinazoelekeana, yasiyofungwa. Mlango wa kupanda ndani uwe wa kuzuia moto, unaojifunga wenyewe, na sakafu ya gereji iwe chini ya kizingiti chake. Vyumba vya kulala weka kengele ya kaboni monoksaidi. Swichi na soketi zipande juu, nusu mita au zaidi kutoka sakafuni.

SWALI: Nyumba yangu imeshasimama, naweza kuchimba gereji chini yake? – Msomaji mwingine

JIBU: Dada au kaka, inawezekana lakini sio kazi ya fundi na vibarua. Msingi unateremshwa vipande vipande, kama mita 1 kila kimoja, na viwili vinavyofuatana havichimbwi pamoja, unajaza zege kimoja kikomae ndo uende kingine. Ukichimba kote kwa mpigo nyumba inakaa hewani. Mtafute injinia wa miundo aje aone udongo na msingi ulivyo kabla hujazungumza bei na mtu yeyote, na akisema haifai, jenga banda la gari pembeni.