Kuhusu baba aliyerudi kutoka vita vya Kagera

Dada yangu, umeuliza kama inafaa kumhoji mzee wako juu ya vita ambavyo utotoni mlivicheza uani kwa bunduki za magome ya migomba, ilhali sasa unajua kwamba tangu arudi hajawahi kulala usiku kucha, nawe unajiona kama uliyedanganywa.

Sidhani ulidanganywa. Mwalimu Nyerere aliposema Novemba 1978 kwamba sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, sababu ilikuwa ya kweli, kwani majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yameteka eneo letu la Tanzania lililo kaskazini mwa Mto Kagera. Sisi watoto tulidaka maneno yale kama wimbo, uzito wake wakabaki nao wakubwa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18, na foleni za sabuni na sukari zikaipita miezi hiyo kwa mbali. Mimi nilizindukia kwenye foleni. Wewe umezindukia mlangoni pa chumba cha baba.

Usimwulize aliua wangapi. Mwulize walikula nini, na viatu vilimbana wapi. Mjomba wangu alinyamaza miaka mingi hadi nilipomwuliza habari za buti zake, akasimulia mpaka chai ikapoa, kisha akaomba tuishie hapo, nami nikaishia. Usiku ukizidi kumsumbua, mshaurini aende kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa, mkimweleza wazi kwamba mnamtafutia tiba ya usingizi.