Kopi, kalibu na uzao: maswali yenu kuhusu vitu vinavyorudiwa

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanazunguka jambo moja, yaani kitu kikirudiwa, kiwe picha, sanamu, ufunguo au kiumbe hai, kinachotoka pale ni kile kile au ni kingine? Nimechagua machache na mengine nimeyafupisha kidogo. Hili jambo nalipenda sana kwa hiyo kuna pahala nitakaa muda mrefu, mnivumilie.

"Nimenunua picha ya ukutani, chini imeandikwa kwa penseli 34/150 na kuna sahihi. Aliyeniuzia anasema ni orijino, rafiki yangu anasema ni kopi tu. Nani mkweli?"

34/150 maana yake yako ni ya 34 kati ya 150, kwa hiyo inategemea hizo 150 zilitoka kwenye nini. Kuna kazi ambazo zinachongwa kwenye ubao au zinakwanguliwa kwenye bamba la shaba, wino unapakwa, karatasi inakandamizwa, na hicho kinachotoka kwenye karatasi ndo kazi yenyewe, hakuna mchoro mwingine nyuma yake ambao ndo "wa kweli". Ile picha ya wimbi kubwa ya Hokusai, msanii wa Japani, ya mwanzoni mwa miaka ya 1830 makumbusho kibao duniani wanalo na hakuna anayemwambia mwenzake wewe yako feki. Na ule mchoro aliouchora kwa mkono wake haupo tena, manake enzi zile mchoro ulikuwa unabandikwa juu ya ubao uso chini, alafu fundi anachonga kupitia karatasi yenyewe, kwa hiyo mchoro unakufa ili ubao upatikane. Hata hivyo chapa zenyewe hazilingani, ubao ukitumika sana ile mistari myembamba inalika na kukatika, na wataalamu wanatumia hiyo mikato kujua karatasi ipi ilichapwa mapema na ipi ilichapwa ubao ukiwa umeshachoka.

Aina ya pili ni mchoro wa rangi uliopigwa picha au kuskaniwa, ukachapwa mara 150 kwenye karatasi nzuri, alafu zikapewa namba. Hiyo ni kopi. Inaweza kuwa nzuri sana, lakini ni kopi, na namba ya penseli peke yake haithibitishi kitu maana penseli kila mtu anayo.

Jinsi ya kujua: chukua lensi ya kukuzia uangalie sehemu yenye rangi iliyopoa, kwa mfano anga au shavu la mtu. Ukiona vidoto vidogo vidogo vya bluu, wekundu wa waridi, njano na vyeusi vimejipanga kama viua, hiyo imetoka kwenye mashine ya kiwandani. Ukiona wino umekaa mzima bila vidoto, geuza karatasi nyuma uipitishe kwenye mwanga kwa ubavu, chapa ya ubao mara nyingi inaacha alama za kukandamizwa mpaka upande wa pili, na ile ya bamba la shaba inaacha mstari wa kubonyea kuzunguka picha nzima, ukipitisha kidole unausikia. Anza na hapo kabla hujagombana na muuzaji.

"Nimeona sanamu ya Mwanafikra ya Rodin, yule msanii Mfaransa, kwenye miji miwili tofauti. Alichonga mangapi huyu mzee?"

Sanamu ya bronzi haichongwi moja moja ndugu yangu. Msanii anafinyanga kwa udongo, inatengenezwa ya plasta, kwenye plasta kunatolewa kalibu, yaani umbo tupu la kumiminia, na kwenye kalibu ndo bronzi inamiminwa. Njia moja ya zamani sana inatumia nta, unatengeneza umbo la nta, unalifunika kwa udongo, unachoma, nta inayeyuka na kutoka, na pale ilipokuwa nta unamimina chuma moto. Kwa hiyo Rodin mwenyewe anaweza asiguse kabisa hiyo bronzi unayoiona. Mwaka 1916 kazi zake na haki zake alizitoa kwa serikali ya Ufaransa, akafa 1917, na sanamu zikaendelea kumiminwa baada ya yeye kuzikwa. Siku hizi sheria ya Ufaransa inasema bronzi zikizidi 12 kwa umbo moja basi zinazofuata haziitwi tena kazi halisi. Ile ya 12 na ile ya 13 zinaweza kutoka kwenye kalibu moja, mkono mmoja, na jicho lako lisione tofauti yoyote, kinachozitenganisha ni makubaliano ya watu tu. Mimi naona ni makubaliano mazuri kwa sababu bila hayo msanii aliyekufa angeendelea "kufanya kazi" milele kwa faida ya wengine.

Na usidharau kopi. Mrusha kisahani wa Myron, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, ilikuwa bronzi na imepotea. Tunachokijua ni kopi za marumaru za enzi za Warumi. Ukiiangalia karibu utaona nyuma ya mguu kuna kisiki cha mti, kisiki ambacho hakina uhusiano wowote na michezo. Kimewekwa kwa sababu marumaru haiwezi kubeba uzito wake kwenye miguu miembamba kama bronzi ilivyoweza. Mnakili alibadilisha kitu ili aweze kukihifadhi, na bila yeye tusingekuwa na chochote.

"Nilienda Ufaransa kuona mapango ya Lascaux yenye michoro ya watu wa kale nikaambiwa naangalia replika. Nimejisikia nimeibiwa."

Nakuelewa, lakini hujaibiwa. Mapango yaligunduliwa 1940, yakafunguliwa kwa umma 1948, watu wakamiminika, pumzi zao na joto la miili yao vikaanza kuharibu kuta, ukungu ukaota, mwaka 1963 yakafungwa kwa umma. Replika ya kwanza ikafunguliwa 1983 na hii kubwa zaidi 2016. Picha za ukutani zilikaa gizani miaka maelfu kwa maelfu bila shida na sisi tulihitaji kama miaka 15 tu kuziweka hatarini. Kilichonisikitisha mimi sio replika, ni kwamba haikutengenezwa mapema zaidi.

"Nikichonga ufunguo kwa fundi kutoka kwenye ufunguo ambao nao ulichongwa, mbona unakwama?"

Kwa sababu mashine ya fundi haijui kitasa chako, inajua ufunguo uliompa. Upande mmoja kuna pini inapita kwenye meno ya ufunguo wako, upande mwingine kisu kinakata kwa kufuata, kwa hiyo kila mkwaruzo, kila sehemu iliyolika na matumizi inanakiliwa pia, na mashine inaongeza ya kwake kidogo. Kopi ya kopi inabeba makosa ya wote waliotangulia. Tafuta ule wa kwanza kabisa uchonge kutoka kwenye huo, au kama una namba ya ufunguo (code) iliyotoka kiwandani mwambie fundi akate kwa namba hiyo, hapo anarudi kwenye vipimo badala ya kufuata chuma.

Na hili tatizo lilimsumbua hadi kilo yenyewe. Tangu 1889 kilo moja ilikuwa ni kipande cha platinamu na iridiamu, silinda fupi ya kama milimita 39, imefungiwa Sèvres karibu na Paris, na nchi mbalimbali zikapewa nakala zake. Zilipokuja kulinganishwa baadaye zikaonekana zimeachana na ile mama kwa kiasi cha kama mikrogramu 50. Sasa nani amekosea? Kwa mujibu wa sheria yenyewe ile mama haiwezi kukosea, maana uzito wowote itakaokuwa nao ndo kilo! Wataalamu wakaona hapana, tarehe 20 Mei 2019 wakaachana na kipande cha chuma na kuifunga kilo kwenye namba ya fizikia isiyobadilika. Leo maabara yoyote yenye vifaa inaweza kutengeneza kilo kutoka kwenye maelekezo bila kuomba kuona ya mwenzake.

"Picha ikizunguka sana WhatsApp inakuwa na ukungu, kwani dijitali si hainakiliki vibaya?"

Faili likinakiliwa lenyewe kama lilivyo halibadiliki hata herufi moja. Lakini kutuma picha mara nyingi sio kunakili, app inaibana upya ipungue ukubwa, na kila kubanwa upya kunaweza kutupa taarifa kidogo. Itume kama dokyumenti uone tofauti.

"Paka wangu amezeeka na nampenda mno. Nikimkloni, yaani atengenezwe mwingine kutoka kwenye seli yake, nitampata tena?"

Swali hili limenigusa, na nakujibu kwa mfano wa paka wa kweli. Desemba 2001 kwenye chuo kikuu cha Marekani cha Texas A&M alizaliwa CC, paka wa kwanza duniani kupatikana kwa kukloniwa. Mama aliyetoa seli anaitwa Rainbow na alikuwa paka wa rangi tatu, na mabaka ya chungwa. CC akatoka na michirizi ya kahawia kijivu na nyeupe, chungwa hakuna kabisa. Vinasaba ni vile vile, vipimo vilithibitisha, sasa rangi imeenda wapi?

Ni hivi. Kinasaba cha rangi ya chungwa kinakaa kwenye kromosomu X (kromosomu ni nyuzi za ndani ya seli zinazobeba vinasaba) na paka jike ana X mbili. Akiwa bado kiinitete, kila seli inazima X moja, na inachagua kwa bahati nasibu tu. Pale iliyobaki hai ni yenye chungwa linatokea baka la chungwa, pengine linatokea jeusi, ndo maana paka wa namna hiyo hakuna wawili wenye mabaka sawa. Seli iliyotumika kumtengeneza CC ilikuwa imeshazima ile X ya chungwa na haikuwashwa tena. Kwa hiyo walinakili seli moja, na seli moja haimbebi paka mzima. CC aliishi vizuri, akazaa watoto, akafa 2020 akiwa na miaka 18, lakini alikuwa CC, hakuwahi kuwa Rainbow. Kabla yake kondoo Dolly alizaliwa Julai 1996 huko Scotland na yeye ndo mmoja aliyefanikiwa kati ya majaribio 277, kwa hiyo ujue pia kuna wanyama wengine wanaopitia mimba zilizoharibika ili wewe upate mmoja. Ushauri wangu wa dhati, kaa naye huyo uliyenaye, mpige picha, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Atakayezaliwa atakuwa na haki ya kupendwa kama yeye, asipimwe kila siku na marehemu.

"Kwa nini ndizi haina mbegu na bado migomba haitoweki?"

Ndizi tunazokula nyingi zina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na tatu haigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza mbegu. Vile vidoto vyeusi katikati ya ndizi ndo mbegu ambazo hazikukua. Mgomba unaongezwa kwa machipukizi, unachimba chipukizi pembeni unalihamisha, na hilo ni mmea ule ule unaoendelea. Raha yake ni kwamba ukiwa na mgomba mtamu unao mtamu milele. Ubaya wake ulionekana kwa Gros Michel, aina iliyotawala biashara ya dunia mpaka katikati ya karne ya 20. Fangasi wa udongoni anayeleta ugonjwa wa Panama akaingia, na kwa kuwa migomba yote ilikuwa na kinga ile ile, aliyemuweza mmoja aliwaweza wote, mashamba na mashamba yakaisha. Biashara ikahamia aina nyingine ya ndizi, Cavendish, ambayo ilimstahimili fangasi yule, na Cavendish nayo ni mmea mmoja uliorudiwa dunia nzima, na sasa kuna aina nyingine ya fangasi huyo huyo inaitwa TR4 ambayo inaiua, mwaka 2019 ikathibitishwa mpaka Colombia. Tumerudia kosa lile lile na inaniuma kusema hivyo.

Viumbe wanaochanganya baba na mama wana bahati hapo, kila mtoto ni mchanganyo mpya, na juu ya hapo mwanadamu anazaliwa na herufi kama 60 au 70 hivi za DNA ambazo wazazi wake hawakuwa nazo, ni makosa ya kunakili. Mengi hayafanyi lolote, machache yanadhuru, na mengine ndo yanakuja kuokoa kizazi siku ugonjwa mpya ukiingia.

"Je, kuna mnyama anayejinakili mwenyewe bila dume?"

Wapo. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba Flora, joka la Komodo pale Chester Zoo Uingereza, ametaga mayai yenye uhai na hajawahi kukutana na dume. Ila watoto wake hawakuwa nakala yake, manake yai linabeba nusu tu ya vinasaba vya mama na nusu hiyo ndo inajirudia mara mbili, na kwa mpangilio wa kromosomu zao wanaotoka hai wote ni madume.

Wanaojinakili kweli kweli ni vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaojazana chini ya majani laini. Jike anazaa majike hai moja kwa moja bila kutaga yai wala kuhitaji dume, na ndani ya tumbo la mtoto ambaye bado hajazaliwa tayari wajukuu wameanza kukua, ndo maana unaliona jani safi jumatatu na jumapili limefunikwa. Kwenye nchi zenye majira ya baridi, baridi ikikaribia wanabadilika, wanazaa na madume, wanapandana, wanataga mayai yanayovumilia mpaka joto lirudi.