Mtandao umekatika, au ni intaneti?

SWALI: Nafundisha kompyuta kidato cha kwanza hapa Mafinga. Tovuti ikikataa kufunguka, wanafunzi husema "mtandao umekatika", ilhali kompyuta za darasani bado zinatumiana mafaili. Je, niwasahihishe? Na ruta na swichi ziko ngeli gani?

JIBU: Wasahihishe, Mwalimu, ila darasani tu. Mtaani hutawaweza. Neno mtandao limebebeshwa mengi: mtu wa Mwanjelwa akikuuliza "unatumia mtandao gani?" anataka kujua kampuni yako ya simu, na anayesema "nimeiona mtandaoni" huenda aliiona WhatsApp. Matumizi hayo yameshakaa, nami sina ugomvi nayo.

Kwenye somo lako ndipo tofauti inapofanya kazi. Kompyuta mbili zikiunganishwa zikapeana taarifa, huo tayari ni mtandao, hata kama hauvuki ukuta wa darasa. Intaneti ni ule mmoja unaoiunganisha mitandao ya dunia nzima. Ndiyo maana tunasema mitandao kwa wingi, lakini intaneti hubaki moja. Ni kama barabara: lori likiziba mlima Kitonga kwenye barabara kuu hufiki Dar es Salaam, lakini bodaboda wa Mafinga bado atakutoa stendi akufikishe sokoni. Basi "mtandao upo, intaneti haipo" ni sentensi timamu kabisa, na fundi akiisikia anajua pa kuanzia. Ataiacha swichi, ambayo kazi yake ni kuunganisha vifaa vya humo ndani, atazame ruta, inayopitisha taarifa kati ya mtandao wenu na mingine, au modemu, inayoiunganisha ruta na laini ya nje, au laini yenyewe inayoingia shuleni. Akiambiwa tu "umekatika", ataanza kuchomoa waya zisizo na kosa.

Ngeli ni I-ZI: ruta hii, ruta hizi, swichi imezimika, swichi zimezimika. "Maruta" husikika kwa mafundi; kwenye mtihani nisingeyapa alama. Swichi, mara ya kwanza itaje kwa ukamilifu, swichi ya mtandao, la sivyo nusu ya darasa watageukia ukutani penye swichi ya taa. Wapo wanaotaka ruta ipewe jina la kubuni, refu la Kiswahili. Sijashawishika: mtoto hatalikuta jina hilo dukani wala mdomoni mwa fundi.

Umenikumbusha pia mkongo, ingawa hukuuliza. Huo uko U-I: mkongo umekatika, mikongo imekatika. Siku hizi kila waya unaitwa mkongo, nami naona ni kutia chumvi. Neno hilo liachie njia kuu zinazovuka mikoa, kama Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Waya wa shaba unaotoka kwenye swichi hadi kwenye kompyuta, ambao kwa kawaida hauvutwi kupita mita 100, uite kebo.