Taa kwenye banda la kuku wa mayai: zingatia umri na saa

Swali ninaloulizwa sana na wafugaji wenzangu ni hili: nikiacha taa zinawaka usiku kucha, kuku watataga zaidi? Hapana. Kuku anahitaji giza kama anavyohitaji mwanga. Ganda la yai hujengeka zaidi usiku akiwa amepumzika, na banda lisilozimwa taa huzaa kuku wenye hasira wanaodonoana.

Anachohitaji kuku aliye kwenye utagaji ni masaa 14 hadi 16 ya mwanga kwa siku. Kwetu Tanzania mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima. Hata Dar es Salaam, siku ndefu kabisa na fupi kabisa hazipishani saa nzima. Hayo masaa machache yanayopungua ndiyo tunayojazia kwa balbu. Mwanga hauingii kwa macho tu. Unapenya fuvu hadi kwenye ubongo, ubongo unaachia homoni, na homoni zinaamsha ovari. Jogoo naye ni vivyo hivyo, kwa hiyo anayeuza mayai ya kutotolesha asiwasahau majogoo wake.

Kinachonisikitisha mabandani ni haraka. Mtu ana matembe (kuku jike wachanga ambao hawajaanza kutaga) wa wiki 12, anataka mayai ya mapema, anawaongezea taa. Wanaanza kutaga kweli, lakini mwili haujakomaa: vijiyai vidogo, na mbaya zaidi kizazi kinatoka nje. Wenzake wakiona ile nyama nyekundu wanaidonoa, na asubuhi unaokota mzoga. Mimi matembe nawalea kwa mwanga wa jua tu. Wiki ya 18 nawapima uzito, nalinganisha na jedwali linalokuja na vifaranga, na wakiwa bado wepesi nasubiri. Wakifikia uzito naanza kuwasha saa 11 na nusu alfajiri, kisha kila wiki narudisha nyuma nusu saa mpaka nifike saa 9 na nusu usiku. Hapo wanapata kama masaa 15, inatosha.

Kwa nini alfajiri na si jioni? Jioni jua linazama polepole na kila kuku anapanda kichanjani kwake kwa utulivu. Ukiwawashia taa mpaka saa 3 usiku halafu ukazima ghafla, giza linawakuta sakafuni, wanarundikana pembeni na kukanyagana.

Wakishaanza kutaga, usipunguze mwanga. Siku chache za mwanga mfupi zinatosha kuangusha mayai, na zikizidi kuku wananyonyoka manyoya na kupumzika kutaga. Nunua taima, usitegemee kijana wa bandani aamke kila siku saa ileile. Umeme wenu ukiwa wa kukatikakatika, weka sola ndogo yenye betri. Taa hizi hazihitaji nguvu kubwa.

Kuhusu ukali wa mwanga, shika gazeti usawa wa mgongo wa kuku. Ukisoma bila kukaza macho, panatosha. Chagua balbu ya mwanga wa njano kuliko ile nyeupe inayoelekea bluu, maana mwanga wa njano na mwekundu hupenya fuvu vizuri zaidi. Na zifuteni jamani! Vumbi la maranda na chakula hushika kwenye balbu mpaka banda linakuwa na kiza huku taa inawaka.

Mtetea wa kienyeji aliyeatamia yeye muache, taa haitamtoa kwenye kiota.

Kwa mwenye pesa ya kitu kimoja tu, ushauri wangu ni chakula kwanza. Taa inamwambia kuku atage, lakini ganda linatoka kwenye chokaa anayokula. Akikosa, anaichomoa kwenye mifupa yake mwenyewe, na baada ya muda unamkuta amelala ubavu, miguu haimbebi.