Katazo la Kusafirisha Nje Halitakushindia Kesi

Mwanasheria kijana wa serikali ameniandikia akiuliza kama anapoteza muda kudai malikale (vitu vya kale) za nchi yake katika mahakama ya nchi nyingine. Wenzake wamemwambia mahakama haitekelezi sheria za adhabu za taifa la kigeni, kama katazo la kusafirisha malikale nje, basi aache. Nami niliambiwa vivyo hivyo na mkuu wangu, mbele ya wenzangu, kisha nikaondolewa kwenye jalada. Bado linaniuma.

Silaha ya mkuu huyo ilikuwa kesi ya Ortiz. New Zealand ilidai mbao za kuchongwa za Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, zilizotoroshwa bila kibali na kufika mnadani London. Mwaka 1983 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliikatalia, kwa kuwa chini ya sheria ya New Zealand yenyewe umiliki haukuhamia kwa serikali mpaka kitu kikamatwe, na mbao hazikuwa zimekamatwa. Wengi huishia hapo. Mimi niliendelea kusoma, nikaikuta kesi ya Iran dhidi ya Barakat Galleries, duka la malikale la London, kuhusu vyombo vya kale vya Jiroft, eneo la Iran. Iran ilishindwa Mahakama Kuu ya Uingereza, lakini mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ikaipa haki: sheria yake ya 1979 ilikuwa imeshaipa dola umiliki, hata kama haijawahi kuvishika vyombo hivyo. Miaka baadaye niliposimamia dai langu mwenyewe, nililijenga juu ya hoja hiyo, tukashinda. Najivunia, na sioni haya kusema.

Basi fungua sheria yako, utafute kifungu cha umiliki, si katazo la kusafirisha nje tu. Marekani nako ni hivyo hivyo: mwaka 2003 Schultz, mfanyabiashara wa malikale, alishindwa rufaa yake ya jinai kuhusu malikale za Misri kwa sababu Sheria ya Misri namba 117 ya 1983 inatamka malikale kuwa mali ya umma. Nasema tena, umiliki kwanza.

Halafu ushahidi. Peru ilishindwa California mwaka 1989, kwa sehemu kwa kutothibitisha kuwa vitu vilichimbwa ndani ya mipaka yake. Uturuki nayo ilipoteza sanamu ya marumaru New York kwa kuchelewa kudai. Kwa hiyo, mdogo wangu, kama unajua kitu kilipo, andika barua ya madai wiki hii, na umketishe mtaalamu wa akiolojia mezani kabla hujamtafuta wakili wa nje. Wakubwa wakikataa, waombe wakatae kwa maandishi.